André Yav na "Vocabulaire de ville de Elisabethville": Historia ya Mji Iliyoandikwa na Watumishi wa Nyumbani

1. Utangulizi

Mwaka 1965, katika mji uliokuwa bado ukiitwa Elisabethville, kilitolewa kijitabu chenye kurasa zaidi ya 30, kilichopigwa taipu na kurudufiwa kwa stensili. Jina lake lilikuwa la Kifaransa: Vocabulaire de ville de Elisabethville, yaani Msamiati wa mji wa Elisabethville. Maandishi ya ndani yalikuwa ya Kiswahili, tena Kiswahili kile kinachosemwa Katanga. Mkusanyaji wake alikuwa André Yav, naye aliandika kwa niaba ya chama cha watu waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani katika komini za mji huo. Mwaka uliofuata mji ulibadilishwa jina ukawa Lubumbashi. Hivyo kijitabu kilichokusudiwa kuuhifadhi mji kilitoka wakati jina la mji huo lilikuwa limebakiwa na miezi tu.

Msomaji aliyekifungua kijitabu hicho akitafuta orodha ya maneno na maana zake hakuiona. Alichokikuta ni historia: kuja kwa Wazungu, kujengwa kwa mji, kazi, mishahara, chakula, adhabu, vita na majina. Makala haya yanakusudia kujadili mambo mawili kuhusu kazi hiyo. La kwanza ni nafasi yake katika historia ya jamii: je, yaliyoandikwa na watumishi ni historia, au ni malighafi tu ya kutumiwa na wanahistoria? La pili ni lugha yake: je, Kiswahili cha Yav ni Kiswahili kilichoharibika, kama inavyosemwa aghalabu, au ni lugha yenye kanuni zake? Itaonekana kwamba maswali haya mawili hayatengani. Anayeikataa lugha ya shahidi huwa amekwisha kuukataa na ushahidi wake.

2. Mji wenye pande mbili

Ili kukielewa kijitabu cha Yav, hapana budi kuanza na ramani ya mji. Elisabethville ilianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule ambao reli kutoka Rhodesia ilifika hapo. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza kuyeyusha shaba mjini hapo mwaka 1911. Tangu mwanzo mji ulikuwa na pande mbili. Upande mmoja ulikuwa wa Wazungu, wenye barabara pana zilizonyooka, nyumba za matofali na bustani. Upande wa pili ulikuwa wa Waafrika. Baina ya pande hizo uliachwa ukanda mtupu usiojengwa, kwa hoja ya kulinda afya. Na saa za usiku Mwafrika hakuruhusiwa kuonekana upande wa Wazungu bila kibali.

Kamalondo ndiyo mtaa mkongwe kuliko yote ya Waafrika inayosimama hadi leo upande wa kusini wa katikati ya mji. Utawala wa kikoloni uliiita kwa jina la Mfalme Albert wa Ubelgiji, na hata mwaka 1957, uchaguzi wa kwanza wa mabaraza ya mji ulipofanywa, jina rasmi la komini hiyo lilikuwa Albert. Baadaye zilizaliwa Kenya, Katuba na Ruashi. Mfanyakazi wa mgodi hakukaa huko. Yeye alikaa katika kambi ya kampuni. Kamalondo ilikuwa ya makarani, mafundi, wachuuzi, washonaji, wanamuziki na watumishi wa nyumbani ambao hawakulazwa katika boyeri, yaani vile vyumba vidogo vilivyojengwa nyuma ya nyumba ya bwana.

Tofauti hiyo ya mfanyakazi wa mgodi na mtumishi wa nyumbani ni muhimu kwa mwanahistoria. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, Union Minière ilibadili siasa yake ya kazi: badala ya kuwachukua watu kwa mikataba mifupi na kuwarudisha makwao, ilianza kuwaweka kambini pamoja na wake na watoto wao. Kampuni iliwapa nyumba, posho, hospitali na shule. Kwa hiyo iliandika kila kitu. Mfanyakazi alikuwa na namba, faili na kadi, mtoto wake alipimwa uzito, mkewe alihesabiwa. Mtumishi wa nyumbani hakuwa na mambo hayo. Mwajiri wake alikuwa mtu mmoja, na kumbukumbu ya kazi yake ilikuwa kijikaratasi cha sifa alichoandikiwa na bwana wake wakati wa kuachana. Nyaraka zinamfahamu kidogo mno.

Hata hivyo, yeye ndiye aliyevuka ukanda ule mtupu asubuhi na jioni. Alipika, alifua, alilea watoto, alisimama nyuma ya meza wakati wakubwa wa serikali na kampuni wakila na kusema. Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Boyi wa Elisabethville hakukilalia kitanda cha bwana wake, lakini ndiye aliyekitandika kila siku, na kunguni wake aliwajua. Elimu hiyo ndiyo iliyoandikwa na Yav na wenzake.

3. Jina la kijitabu na maana yake

Kwa nini historia iitwe msamiati? Swali hili linahitaji kujibiwa kwa kuangalia vitabu vingine vilivyokuwa na jina hilo. Katika Kongo ya Wabelgiji, neno vocabulaire lilikuwa jina la vijitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya Wazungu waliofika karibuni: maafisa, wamisionari, wakulima na wake zao. Ndani yake mlikuwa na maneno na sentensi za kumwamrisha Mwafrika: lete maji, funga mlango, kesho uje mapema. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na utawala wa kikoloni, ameonyesha jinsi Kiswahili cha Katanga kilivyoelezwa kwa miongo mingi kupitia vijitabu vya namna hiyo. Ndani yake Mwafrika anasemeshwa. Kusema hasemi, ila kuitikia.

Mtu aliyefanya kazi ya nyumbani alivijua vijitabu hivyo kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa sentensi zake zilisomwa mbele yake. Yav alipolichukua jina lilelile na kuliweka juu ya maandishi yake, mambo yalipinduka. Sasa aliyekuwa akiamrishwa ndiye anayeeleza. Na anayeelezwa ni bwana, mji wake na desturi zake. Si lazima kudhani kwamba Yav alikusudia kejeli. Yatosha kuona kwamba katika mji ule, kwa watu wa kazi ile, msamiati ulikuwa ndio jina la kitabu kinachofundisha namna ya kuishi na mgeni. Nao waliishi na mgeni kwa zaidi ya miaka 50.

Tena maana ya neno hilo si ngeni kabisa kwa yaliyomo. Sehemu kubwa ya elimu inayohifadhiwa humo ni majina. Waafrika wa Elisabethville waliwapa Wazungu majina yao wenyewe, na pia waliyapa majina makampuni na mahali pa mji. Jina hilo lilisema tabia ya mtu, mwendo wake, ukali wake au kitendo alichokitenda. Katika nyaraka za serikali afisa ana cheo na tarehe za utumishi. Katika kumbukumbu za maboyi ana jina linalomhukumu. Kwa maana hiyo kijitabu ni msamiati kweli.

4. Sauti ya wengi

Jambo la pili linalomshangaza msomaji aliyezoea tawasifu ni kwamba mwandishi hajitokezi. Jina lake lipo kama mkusanyaji, lakini anayesema ni jamii nzima ya maboyi wa zamani. Katika fasihi ya Kiswahili kuna kazi mashuhuri za watu waliosimulia maisha yao: Tippu Tip, ambaye masimulizi yake yalichapishwa mwanzoni mwa karne ya 20, na Shaaban Robert, ambaye Maisha Yangu yalitolewa mwaka 1949. Tippu Tip alisimulia kama mtu aliyeongoza misafara na kuamuru. Shaaban Robert alisimulia kama mtu aliyejichunguza. Yav na wenzake hawafuati njia yoyote kati ya hizo. Wao wanatoa ushuhuda wa kundi, na nguvu ya ushuhuda wa kundi ni kwamba kila mmoja anaweza kumsahihisha mwenzake.

Inafaa pia kukilinganisha kijitabu hiki na Desturi za Wasuaheli, kazi iliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, ambayo sehemu yake kubwa iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari. Kazi ile ni hazina kubwa. Lakini iliandikwa kwa sababu mtaalamu wa Kijerumani aliiomba. Kijitabu cha Elisabethville kilitolewa kwa jina la chama cha wenyewe, kikarudufiwa mjini kwa vyombo vya ofisi vya kawaida, na kikawa na wasomaji waliojua tayari mambo yanayosemwa. Ndiyo maana hakifafanui vitu ambavyo mgeni angependa kufafanuliwa.

Msomaji wa leo anaweza kukwama mahali pawili. Kwanza, tarehe na mfuatano wa mambo haulingani daima na ule wa nyaraka. Pili, kuna habari za batumbula: watu waliosemekana kuwakamata Waafrika usiku na kuwapeleka kwa Wazungu, wasionekane tena. Mwanahistoria aliyelelewa na nyaraka atasema kwamba hayo si historia. Lakini Luise White, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2000 kuhusu masimulizi ya namna hiyo Afrika ya Mashariki na Kati, alionyesha kwamba habari hizi ni ushahidi wa namna watu walivyouelewa uhusiano wa kazi, mwili na mali chini ya ukoloni. Watu waliochukuliwa vijijini kwa maelfu, wakapelekwa migodini, na wengine wasirudi, hawakukosea walipouona mji kama mahali panapokula watu. Kosa la tarehe linaweza kusahihishwa kwa kufungua faili. Faili halisemi mtu alijisikiaje alipokuwa akipita njia yenye giza kurudi Kamalondo.

Ikubaliwe, hata hivyo, kwamba ushuhuda huu nao una mipaka. Ni ushuhuda wa wanaume wa kazi moja. Wanawake wa Kamalondo, waliokuwa wakipika pombe, kuuza sokoni na kuendesha nyumba, hawana nafasi sawa ndani yake. Aidha, mtumishi aliyekaa karibu na bwana alikuwa na fahari yake, na fahari hiyo huchuja kumbukumbu. Kuyataja haya si kuishusha hadhi kazi ya Yav. Ni kuisoma kwa makini yaleyale yanayotumiwa kusoma ripoti ya gavana.

5. Suala la lugha

Mwaka 1965 mtu aliyetaka kuandika Elisabethville alikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa Kifaransa, lugha ya serikali, ya ofisi na ya chuo kikuu kilichofunguliwa mjini hapo mwaka 1956. Ya pili ilikuwa kile kilichoitwa Kiswahili bora, Kiswahili cha shule na misheni, kilichokaribia kile cha pwani. Ya tatu ilikuwa Kiswahili cha mjini, kilichosemwa sokoni, nyumbani na kazini. Yav aliandika kwa hiyo ya tatu, ambayo haikuwa na kitabu cha sarufi mikononi mwa wenyeji wala kanuni ya tahajia.

Kiswahili hicho kina sura yake. Kiambishi cha wingi wa watu ni ba-, si wa-: bantu, batoto. Vitu huitwa bintu. Udogo huonyeshwa kwa ka- na tu-. Kitendo cha mazoea huonyeshwa kwa kuongeza -aka mwishoni mwa kitenzi, hata mtu wa Lubumbashi akisema anatumikaka, huwa anataja kazi ya kila siku. Na kitenzi chenyewe, kutumika, maana yake huko ni kufanya kazi. Msemaji wa Kiswahili sanifu akilisikia neno hilo hufikiri kwanza habari ya kifaa kinachotumiwa. Kwa boyi wa Elisabethville maana hizo mbili zilikaa jirani sana.

Wataalamu wamejadiliana kuhusu asili ya lugha hiyo. Edgar Polomé, aliyewahi kufundisha Elisabethville, aliieleza katika makala yake ya mwaka 1968 na kuihusisha na mchakato wa ukreoli. Walter Schicho wa Vienna alichapisha mwaka 1982 uchambuzi wa sintaksia yake. Mwamba Kapanga, katika kazi zake za miaka ya 1990, alipinga wazo la kreoli, akaonyesha kwamba mengi yanayoitwa upotofu ni urithi wa lugha za Kibantu za eneo hilo zinazozungumzwa na wasemaji walewale. Hoja ya Kapanga ina uzito. Ngeli za ka- na tu-, viambishi vya ba- na bi-, na kile cha -aka vyote ni vya Kibantu. Huwezi kukiita kitu kilichovunjika ilhali sehemu zake zote zinafanya kazi.

Shida halisi ya maandishi ya Yav ni nyingine, nayo ni ya uandishi. Maneno yameunganishwa au kutengwa bila kanuni moja, alama za kituo ni chache, na neno hilohilo laweza kuandikwa kwa namna mbili au tatu. Msomaji wa macho tu hushindwa. Kwa hiyo Fabian alipokuwa akiyatayarisha maandishi hayo kwa kuchapishwa, Kalundi Mango, msemaji wa lugha hiyo, aliyasoma kwa sauti na kurekodiwa, ndipo yakaandikwa upya kutokana na sauti. Matokeo yalitolewa Amsterdam mwaka 1990 katika kitabu kiitwacho History from Below, chenye nakala ya asili, maandishi yaliyotokana na usomaji huo, tafsiri, na maelezo ya kiisimu ya Schicho.

Njia hiyo ina funzo la kitaalamu. Maandishi ya Yav yalikuwa yameandikwa ili yasemwe. Mwenye kuilaumu tahajia yake anamlaumu mtu kwa kutofuata kanuni ambazo hakuna shule iliyomfundisha, na ambazo kwa lugha yake hazikuwako. Aliyeyasoma kwa sauti ya mji aliyaelewa.

6. Jamaa za kazi ya Yav

Kijitabu hicho hakikusimama peke yake. Katika miaka ya 1970 mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947, alijitangaza kuwa mwanahistoria. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea Fabian mfululizo wa picha 101 za historia ya nchi yake, na akaieleza kila picha kwa Kiswahili cha Katanga mbele ya kinasasauti. Miongoni mwa mambo aliyoyachora ni mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière wa Desemba 1941, ambapo askari waliwapiga wagomaji risasi mjini humo. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1996. Wateja wa wachoraji wa aina yake walikuwa watu wa mitaa ileile ya Kamalondo, Kenya na Katuba, waliotundika picha sebuleni. Picha hizo waliziita ukumbusho. Neno hilo linaeleza kazi yake kamili: mgeni akiitazama picha huuliza, na mwenye nyumba huanza kusimulia.

Katika chuo kikuu nako njia ilifunguka. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alijenga kazi yake juu ya masimulizi ya wafanyakazi na familia zao. Mwaka 2001 alichapisha kitabu alichokipa jina lenye Kiswahili ndani yake, Bana Shaba abandonnés par leur père, kuhusu watoto wa shaba walioachwa na baba yao, yaani kampuni. Tangu mwaka 2000, pamoja na Bogumil Jewsiewicki, alishiriki kuongoza mradi wa kumbukumbu za Lubumbashi, ambamo wakazi walileta vitu, picha na masimulizi yao, vikaonyeshwa katika makumbusho ya mji. Yaliyofanywa na maboyi wa zamani mwaka 1965 kwa taipu na stensili, chuo kikuu kilikuja kuyafanya kwa kinasasauti na maonyesho miaka 35 baadaye.

7. Hitimisho

Imeonekana kwamba kijitabu cha André Yav ni historia ya jamii kwa maana kamili: kina mada, kina mashahidi, kina hoja juu ya uhusiano wa bwana na mtumishi, na kina wasomaji kiliowakusudia. Imeonekana pia kwamba lugha yake ina kanuni, na kwamba ugumu wake unatokana na kukosa tahajia.

Linabaki jambo moja linalozihusu idara za Kiswahili. Mwaka 1965, kilomita chache kutoka Kamalondo, palikuwa na chuo kikuu chenye maktaba na mitambo ya kuchapa. Hata hivyo maandishi haya yalingoja miaka 25, yakachapishwa Ulaya, katika mfululizo wa vitabu vya lugha za kreoli. Mitaala mingi ya fasihi ya Kiswahili inaanza na tenzi za pwani, inapita kwa Shaaban Robert, na kuishia katika riwaya za Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar. Katanga haimo. Mwanafunzi wa Lubumbashi anayesoma Kiswahili darasani hufundishwa kwamba lugha ya mama yake ni makosa ya kusahihishwa, na hajui kwamba iliandikwa kitabu. Toleo dogo la kufundishia, lenye maandishi ya asili upande mmoja na tahajia iliyorekebishwa upande wa pili, pamoja na sherehe ya maneno kwa msomaji wa pwani, si kazi inayozidi uwezo wa idara moja na wanafunzi wake wachache. Wanaoweza kuyasoma maandishi hayo kwa sauti bado wako Kamalondo, ila wazee wao wanapungua.